Kurkumini kwenye seli: WST-8 inasema seli zimeongezeka, Annexin inasema zinakufa. Niamini kipi?

Sahani96

Habari wakuu. Naomba msaada wa wanaofanya kazi na kurkumini ya manjano kwenye seli za kuoteshwa.

Mpangilio wenyewe: seli za HepG2 (za saratani ya ini ya binadamu) kwenye sahani ya visima 96, seli 8,000 kwa kisima, midia ya DMEM yenye seramu ya ndama 10%. Kurkumini ni ya unga, chupa imeandikwa "kurkuminoidi 95%". Imeyeyushwa kwenye DMSO (kiyeyushi cha maabara) kufikia mM 10, kisha ikadondoshwa moja kwa moja kwenye visima kupata 1, 5, 10, 20 na 40 µM, saa 24. Visima vya kulinganishia vina DMSO 0.1%.

WST-8 (kitendanishi kinachopata rangi kwa kazi ya seli hai) ikisomwa kwenye nanomita 450 inaonyesha uhai wa seli unapita 120% kwenye 20 µM. Annexin V-FITC (alama ya kijani inayoshika seli zinazokufa) kwa dozi hiyohiyo inaonyesha seli nyingi zimeanza kufa. DCFH-DA (inayong'aa kijani ikioksidishwa ndani ya seli) nayo inapanda sambamba na dozi, kama ngazi. Kwenye 40 µM hadubini inaonyesha vijiti vya manjano vimelala juu ya seli.

Vipimo vimerudiwa mara tatu na majibu yanafanana kila mara, kwa hiyo si suala la pipeti. Nishike lipi?

---

Nanomita

Usishike hata moja kwa sasa. Vipimo vyote vitatu ulivyochagua vinasoma mwanga palepale ambapo kurkumini yenyewe inafyonza au inang'aa. Na kurudia kupata jibu lilelile hakukusaidii hapa, kwa sababu rangi nayo hujirudia kwa uaminifu mkubwa kuliko seli.

Chukua WST-8. Kilele cha ufyonzaji cha kurkumini kiko karibu na nm 425, na mgawo wake wa ufyonzaji kwenye methanoli ni takriban 55,000 kwa mola kwa sentimita. Kisima chenye µl 100 kinaupa mwanga njia ya kama sm 0.3. Piga hesabu ya dozi yako ya 20 µM: 0.00002 × 55,000 × 0.3 = 0.33. Hiyo ni kwenye nm 425, lakini 450 iko kwenye mteremko wa kilele hichohicho, hivyo sehemu kubwa ya hiyo 0.33 unaisoma. Kama visima vya kulinganishia vinasoma karibu na 1.0, umeshapata "ongezeko la uhai" bila seli moja kugawanyika.

Utaambiwa utoe blanki. Sawa, lakini blanki ipi? Ukiweka midia yenye kurkumini mbichi wakati wa kusoma, utatoa zaidi ya inavyopaswa, kwa sababu kurkumini iliyokaa saa 24 kwenye nyuzijoto 37 imeshapoteza sehemu kubwa ya rangi yake. Blanki iwe na midia ileile, dozi ileile, bila seli, kwenye sahani ileile, na ikae inkubeta muda uleule. Hata hapo bado si kamili, maana visima vyenye seli vinaimeza kurkumini na kuibadilisha, visima vitupu haviimezi. Kwa hiyo njia safi zaidi ni kuiondoa kabla ya kuweka kitendanishi. Zungusha sahani kwenye sentrifuji kwa g 300 dakika 5, fyonza midia, osha mara mbili kwa PBS (bafa ya chumvi) ya vuguvugu, weka midia mpya isiyo na fenoli nyekundu, ndipo WST-8. Usiruke ile hatua ya kuzungusha sahani. Seli zinazokufa hujibandua, na ukizimwaga wakati wa kuosha utahesabu kifo kuliko kilichopo.

Halafu kuna tatizo la pili lisilohusu rangi. WST-8 na MTT ni chumvi za tetrazoli, zinabadilika rangi zinapopokea elektroni, na hazijali elektroni zimetoka kwenye seli au kwenye polifenoli iliyomo kisimani. Jaribu hivi: midia + kurkumini + kitendanishi, hakuna seli, saa 2 kwenye nyuzijoto 37. Rangi ikipanda kupita jumla ya blanki isiyo na kitendanishi na ile isiyo na kurkumini, kipimo hicho hakikufai kwa dozi hiyo, basi.

Kuhusu Annexin V-FITC: FITC inachokolewa na leza ya nm 488 na kung'aa karibu na 520. Kurkumini hupenda mafuta, hujipachika kwenye utando wa seli, na ikishaingia humo hung'aa kwa rangi ya kijani kwenye dirisha hilohilo. Mashine inayosoma seli kwa leza haiwezi kujua kama kijani hicho ni Annexin au manjano. Pitisha seli zilizopewa 20 µM bila rangi yoyote nyingine uone kilele kinahamia wapi, na nadhani utakikuta kimeshavuka mstari uliouchora. Hamia Annexin V-APC, inayochokolewa na leza nyekundu ya nm 640 hivi, mbali kabisa na kurkumini, na kwa seli zilizokufa tumia 7-AAD. Usikimbilie DAPI, kwa sababu leza ya 405 inaichokoa kurkumini vizuri kuliko hata hiyo ya 488.

DCFH-DA ina ugonjwa uleule wa kijani. Zaidi ya hapo, hata bila kurkumini, huoksidishwa na chuma huru na sitokromu c, kwa hiyo mng'ao wake peke yake haukuambii ni molekuli gani imezalishwa.

Mbadala ambao rangi haiugusi: paka vayoleti ya kristali baada ya kuosha seli na kuzikaza kwa formaldehaidi 4%, soma 570 hadi 590. Au hesabu viini vya seli kwa rangi nyekundu ya DNA. Kwa kifo cha seli, tafuta kaspesi-3 iliyokatwa, pamoja na PARP iliyokatwa (protini zinazokatwa seli inapojiua), kwa Western, yaani kipimo cha kutambua protini kwenye utando. Protini zinapofika kwenye utando wa Western, kurkumini haipo tena. Kipimo cha luciferase, kinachotoa mwanga kulingana na ATP (nishati ya seli), nacho ni kizuri, ila kwanza weka kurkumini pamoja na ATP halisi ya kiasi unachokijua, bila seli, uone kama mwanga unashuka. Ukishuka, kimeng'enya cha kipimo ndicho kimezuiwa.

---

Mizani_Ndogo

Nanomita amemaliza upande wa mwanga. Mimi nashika mambo mawili aliyoyaacha.

La kwanza ni DMSO. Ukitoa 40 µM kutoka mM 10 umeweka 0.4%. Kisima cha 20 µM kina 0.2%. Visima vyako vya kulinganishia vina 0.1%, kwa hiyo dozi mbili za juu hazina mwenzake wa kulinganishwa naye. Andaa ngazi nzima ndani ya DMSO, mara 1,000 ya dozi: mM 20, 10, 5, 2.5 na 1.25. Kurkumini inakaa vizuri kwenye DMSO kwa viwango hivyo. Kisha kila moja µl 1 kwa ml 1 ya midia, na DMSO inabaki 0.1% kila mahali, pamoja na kisima cha sifuri.

La pili ni maandishi ya chupa, "kurkuminoidi 95%". Hiyo si kurkumini 95%. Unga unaotolewa kwenye tunguu la manjano huwa ni mchanganyiko wa tatu: kurkumini yenyewe kama 70 hadi 80%, demethoksikurkumini kama 15 hadi 20%, na bisdemethoksikurkumini asilimia chache. Uzito wa molekuli zao ni 368.4, 338.4 na 308.3, kila moja imepungukiwa kundi moja la methoksi kuliko iliyotangulia. Hazidumu sawa. Bisdemethoksi huvumilia midia kwa muda mrefu zaidi kuliko kurkumini, na hapo ndipo penye hatari. Baada ya saa 24 athari unayoiona inaweza kuwa ya yule mgeni wa asilimia chache, kwa sababu mwenye nyumba ameshaoza.

Kabla ya kutumia chupa mpya fanya TLC (kromatografia ya tabaka jembamba), haichukui saa nzima. Sahani ya silika 60 F254, klorofomu na methanoli 95:5, tone dogo la mg 1/ml. Yanapanda madoa matatu ya manjano, kurkumini juu, demethoksi katikati, bisdemethoksi chini. Doa moja tu maana yake ni kurkumini iliyosafishwa au iliyotengenezwa maabara. Zote mbili zinafaa, ila andika ni ipi, maana mtu akirudia jaribio kwa unga wa madoa matatu hatapata ulichopata wewe. Kwenye HPLC (kromatografia ya kimiminika) ya safu ya C18, ukisoma 425, mpangilio hugeuka: bisdemethoksi inatoka kwanza, kurkumini mwisho.

Kupima myeyusho mama: chukua µl 5 za mM 10, weka kwenye µl 995 za methanoli, halafu chukua µl 100 za hiyo uongeze µl 900. Umepunguza mara 2,000, una 5 µM. Kwenye kuveti ya sm 1 inatakiwa isome karibu na 0.275. Ikisoma 0.19, myeyusho wako ni karibu mM 7 na dozi zote ulizoandika si kweli. Kumbuka tu kwamba namba hiyo ni jumla ya wote watatu, kwa sababu wote wanafyonza eneo hilohilo. Kuwatenganisha ni kazi ya HPLC.

Na unga wa manjano wa kupikia usiuingize maabara kwa kisingizio kwamba ni kitu kilekile. Tunguu kavu lina kurkumini kama 3% kwa uzito, mengine ni wanga na mafuta yenye tumeroni, ambazo zina athari zake zenyewe. Isitoshe, kuna wafanyabiashara wanaong'arisha manjano kwa kromati ya risasi. Risasi na kromiamu zikiingia kwenye kisima cha seli, utaandika makala nzima kuhusu sumu ambayo hukuijua.

---

Sahani96

Asanteni sana, hii ya visima vya kulinganishia nilikuwa siioni kabisa.

Swali la nyongeza kuhusu vile vijiti vya manjano. Nimeona baadhi ya maelekezo yanasema iyeyushwe kwanza kwenye NaOH halafu irudishwe pH ya kawaida, ili kukwepa DMSO. Mengine yanasema nitumie midia isiyo na seramu ili kurkumini isishikwe na protini. Je, lipi kati ya haya litaondoa fuwele?

---

Kiyeyushi

Yote mawili yatakuharibia. Naeleza kwa nini, maana ukielewa sababu utaweza kupanga mwenyewe.

Kurkumini haipendi maji. Kwenye bafa ya pH 5 imepimwa ikiyeyuka kama nanogramu 11 tu kwa mililita, ambayo ni takriban nanomola 30. Wewe unataka 40 µM, zaidi ya mara elfu moja. Kinachoibeba kwenye midia ni albumini ya seramu. Ukiondoa seramu umeiondolea gari la kusafiria: sehemu itaganda, sehemu itajibandika kwenye plastiki ya kisima (utaona duara la manjano hata baada ya kuosha), na iliyobaki itavunjika. Kasi yenyewe ya kuvunjika: kwenye bafa ya fosfati pH 7.2, nyuzijoto 37, bila seramu, takriban 90% inapotea ndani ya dakika 30. Kwenye midia yenye seramu ya ndama 10% inashuka polepole, na baada ya saa 8 karibu nusu bado ipo. Kwa hiyo jaribio lisilo na seramu la saa 24 ni jaribio la mabaki ya kurkumini.

NaOH nayo inaiyeyusha kweli. Inang'oa protoni za makundi ya fenoli na ya enoli, unga unayeyuka papo hapo na myeyusho unakuwa mwekundu wa kuelekea kahawia. Mtu akiona hivyo hufurahi. Lakini mazingira hayo ya alkali ndiyo yanayoivunja kwa kasi zaidi, na ukirudisha pH kwenye 7.4, ile iliyobaki inarudi kuwa ya manjano na kuganda tena, safari hii katikati ya midia yako. Hujakwepa chochote.

Inavunjika kuwa nini? Zamani jibu lilikuwa vanilini, asidi ya feruliki na feruloilimethani. Siku hizi inajulikana kuwa njia kuu kwenye pH ya mwili ni kujioksidisha kwa oksijeni ya hewa, na zao kubwa ni bisaiklopentadioni. Wote hao hawana ile rangi ya manjano, ndiyo maana midia yako asubuhi ya pili huwa imefifia. Kufifia huko ni kipimo cha bure. Soma 425 ya midia kwa saa 0, 1, 4, 8 na 24, na utajua seli zimeishi na kurkumini kwa muda gani hasa.

Sasa vijiti vyako. Vimetokana na mahali ulipodondoshea zaidi ya ukolezi wenyewe. Tone la DMSO lenye mM 10 likigusa midia ya baridi kwenye kisima, pale lilipotua ukolezi ni mkubwa mno, DMSO inatawanyika kwa kasi na kurkumini inabaki peke yake inajipanga fuwele. Fanya hivi. Pasha midia yenye seramu hadi nyuzijoto 37. Weka ml 1 kwenye tyubu, iweke kwenye kitikisio kikizunguka, na ndani ya mzunguko huo ingiza µl 1 ya ngazi ya DMSO (ile ya mara 1,000 aliyosema Mizani_Ndogo), ncha ya pipeti ikiwa imezama. Endelea kutikisa sekunde 10. Ndipo ufyonze midia ya zamani kwenye visima na kuweka µl 100 za hii mpya. Seli zisiguswe na DMSO ghafi hata mara moja.

Kabla ya kuiweka, zungusha sehemu ya tyubu ya dozi ya juu kabisa kwa g 16,000 dakika 15. Ukiona utepe wa manjano chini, dozi hiyo haipo kwenye myeyusho, iko kwenye mashapo. Pima kimiminika chake kwa 425 kabla na baada ya kuzungusha. Tofauti ikipita 10% futa dozi hiyo kwenye ngazi yako. Mimi singepanga kitu chochote juu ya 20 µM, na hata 20 ningeitetea kwa kipimo hicho.

Kuhusu kuhifadhi: gawa kwenye vichupa vya µl 20 hadi 50, funga kwa foili, −20 au −80, kila kichupa kitumike mara moja. DMSO huganda kwenye nyuzijoto 18.5, hivyo hata friji ya kawaida inaigandisha, na ikiyeyuka nusunusu sehemu ya juu na ya chini hazina ukolezi sawa. Iache iyeyuke yote, itikise, ndipo ufungue. DMSO pia hunyonya unyevu wa hewa kila kifuniko kinapofunguka, na maji yakiingia kurkumini inaanza kushuka chini ya kichupa. Usiichuje kwa chujio la asetati ya selulosi kwani DMSO inakiyeyusha, tumia la PTFE linalopokea vimiminika vya maji, au usichuje kabisa. Na ile midia ya mwisho usiipitishe kwenye chujio la aina yoyote, maana manjano yatabaki kwenye chujio na wewe utaweka maji matupu.

Taa ya kabati la usalama izimwe au ipunguzwe. Mwanga unaivunja pia.

---

Kimengenya

Naongezea kwa yeyote anayetaka kwenda mbele ya "seli zimekufa" na kusema kurkumini inazuia kimeng'enya fulani. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na ndiyo sababu mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake walichapisha kwenye Journal of Medicinal Chemistry tathmini ndefu ya kemia ya kurkumini, wakiiweka kwenye kundi la misombo inayotoa majibu ya uongo kwenye vipimo. Wao walihesabu zaidi ya majaribio 120 ya kitabibu, na hakuna hata moja lenye kundi la kulinganishia na upofu wa pande zote mbili lililofanikiwa. Isomeni, hata kama hamkubaliani nayo yote.

Molekuli hii ina sehemu tatu zinazosumbua. Katikati ina ketoni mbili (diketoni) zinazokamata chuma na shaba, kwa hiyo kimeng'enya chenye metali kinaweza kusimama kwa kunyang'anywa metali yake. Pembeni mwa hizo kuna vifungo viwili visivyoshiba vinavyoungana na salfa za sisteini, na hapo inashikana na protini nyingi kwa pamoja. Thioredoksini reduktesi ni mfano uliothibitishwa. Ncha zake mbili ni fenoli, ndizo zinazotoa elektroni kwa WST-8. Juu ya yote hayo, ikizidi kwenye maji hujikusanya kuwa chembe ndogo mno usizoziona, na protini hujibandika juu yake na kupoteza umbo.

Kila moja ina kipimo chake. Kwa zile chembe, rudia kipimo cha kimeng'enya ukiwa na Triton X-100 (sabuni laini) 0.01%. Uzuiaji ukipotea, ulikuwa unapima chembe, si kimeng'enya. Kwa salfa, weka DTT mM 1 au glutathioni (zote zina salfa yao ya kunasa kurkumini) uone kama nguvu inashuka mara nyingi, na uiache kurkumini na kimeng'enya pamoja dakika 5, 15, 30, 60 kabla ya kuanza: IC50 (dozi inayozuia nusu ya kazi) inayoshuka kila unapoongeza dakika inaashiria muungano usioachia. Kwa metali, ongeza chumvi ya metali husika kwa ziada uone kama kazi inarudi. Usichanganye DTT na Triton kwenye jaribio moja la mwanzo, hutajua nani aliyekusaidia.

Kwenye seli, ongeza kisima chenye katalesi, uniti 200 kwa ml, na kingine chenye katalesi iliyochemshwa. Polifenoli zinazojioksidisha kwenye midia zinaweza kuacha peroksidi ya hidrojeni, na kama katalesi hai inaokoa seli huku iliyochemshwa haiokoi, basi muuaji alizaliwa nje ya seli.

Mwenye protini za utando kwenye orodha yake awe makini mara mbili. Kurkumini ikijipachika kwenye utando inabadilisha ulaini na unene wake, na mifereji na vipokezi vya aina nyingi vinabadilika pamoja bila yenyewe kugusa hata kimoja.

---

Dozi_na_Damu

Swali kwa Sahani96 kabla hujapanga upya: 20 µM umeichagua kwa kulinganisha na nini?

Nauliza kwa sababu kwa binadamu aliyemeza gramu 8 kwa siku, kiasi kikubwa kweli, kilele kilichoripotiwa kwenye damu kilikuwa chini kidogo ya 2 µM, na tafiti nyingine za kumeza zimekuta kurkumini huru haipimiki kabisa. Inayopatikana ni ile ambayo ukuta wa utumbo na ini vimeiunganisha na glukuronidi au salfeti. Kwa hiyo dozi ya 20 µM kwenye sahani haiwakilishi ini la mtu aliyekula manjano. Inaweza kuwakilisha utando wa utumbo mpana, ambako unga usiofyonzwa unapita moja kwa moja, na hapo mtu ana hoja. Lakini kwa HepG2 itabidi ueleze.

Na piperini ya pilipili manga isitajwe kama suluhisho bila maelezo. Utafiti wa 1998 uliotoa gramu 2 za kurkumini na mg 20 za piperini kwa watu ulipata ongezeko la 2,000%, ni kweli, ila ni mara 20 ya kitu kilichoanza karibu na sifuri. Na inafanya hivyo kwa kuzuia uunganishaji wa glukuronidi, ambao dawa nyingine nazo zinautegemea kutoka mwilini. Anayeiweka kwenye jaribio la panya wanaopewa dawa ya pili anapaswa kuwa na kundi la dawa hiyo + piperini bila kurkumini. Bila kundi hilo, hawezi kusema kurkumini imeiongezea dawa nguvu.

---

Sahani96

Nakiri 20 µM niliichukua kwa sababu makala nyingi zinaitumia. Nitashusha ngazi iwe 0.5 hadi 10 µM, midia iandaliwe kwenye tyubu, seli zioshwe kabla ya kusoma, na Annexin iwe ya APC.

La mwisho: kuna msombo ninaoweza kuuweka kando yake kama kilinganishi, unaofanana nayo umbo lakini hauna rangi wala vile vifungo visivyoshiba?

---

Kimengenya

Upo, tetrahidrokurkumini. Uzito wa molekuli 372.4, haina rangi, na vifungo viwili vinavyoshika sisteini vimeshibishwa kwa hidrojeni. Fenoli na diketoni bado zipo. Myeyusho wake wa mM 10 ni mg 3.72 kwa ml 1 ya DMSO, na kwenye midia inadumu kuliko kurkumini.

Namna ya kusoma majibu: ikitoa athari sawa na kurkumini kwa dozi ileile, vifungo vile si sababu, angalia fenoli au metali. Isipotoa, una dalili ya sisteini lakini bado si ushahidi, kwa sababu umepoteza pia unyoofu wa molekuli. Kurkumini ni bapa na imenyooka, tetrahidro inajikunja katikati, na hilo peke yake linaweza kuizuia kuingia kwenye mfuko wa protini. Ndiyo maana ningeongeza bisdemethoksi iliyosafishwa kama kilinganishi cha pili. Hiyo ina vifungo vyote, ni bapa vilevile, na inadumu kwenye midia kuliko kurkumini. Ina rangi, kwa hiyo hatua za Nanomita za kuosha na blanki ya saa 24 zinaihusu kama zinavyohusu kurkumini.

Zote mbili zisome kwa HPLC siku ya kwanza. Tetrahidro hutaiona kwenye 425, weka 280.

---

Mizani_Ndogo

Na ukifungua chupa ya tetrahidro ukakuta unga una umanjano, ina mabaki ya kurkumini ambayo haikushibishwa. Yeyusha kidogo kwenye methanoli mg 1/ml na usome 425. Kwenye mg 1/ml, hata 0.1% ya kurkumini ni takriban 2.7 µM, itasoma kama 0.15, na utaiona kwa macho kabla ya mashine.